Wadudu wa Kale wa Elgon: Tutafute Majivuni, Si Kwenye Kaharabu

Sirisia, katika kaunti ya Bungoma chini ya mlima Elgon, si nchi ya kaharabu. Yeyote atakayekuonyesha kipande cha rangi ya asali chenye mbu ndani, akaapa kwamba kilichimbwa kando ya mto Malakisi au juu kuelekea Namwela, anazitaka pesa zako. Hata hivyo, kipande hicho cha uongo kinaleta swali la kweli. Wadudu waliokuwa wakiruka huku miaka milioni kumi au ishirini kabla yetu wako wapi? Je, walipotea bila alama, au tumekuwa tukiwatafuta mahali pasipo pao?

Swali lina uzito wa pekee hapa, kwa kuwa Sirisia inawajua wadudu kwa meno. Mvua zikianza, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu, na watoto huwakimbilia na mabeseni. Chiswa, kama Wabukusu wanavyowaita, huliwa wabichi au hukaangwa, na wakikaushwa hupelekwa sokoni. Nchi inayomwaga wadudu wengi hivi leo haikuanza jana. Ila katika vitabu na filamu mdudu wa kale huonyeshwa karibu kila mara katika hali moja tu: amenaswa ndani ya tone la kaharabu, miguu imekunjwa, mabawa yanang'aa. Picha hiyo ni ya kweli kwa Baltiki na Myanmar. Kwa Afrika Mashariki inapotosha. Kwetu kumbukumbu kubwa ya wadudu imehifadhiwa na majivu ya volkeno na udongo. Utomvu wa miti unayo sehemu yake, nayo ni ya thamani, lakini ni ya juzi tu kwa hesabu ya jiolojia.

Kwanza tuelewane juu ya kaharabu yenyewe. Miti kadhaa ikijeruhiwa, iwe kwa tawi lililovunjika au mende anayetoboa gome, hutoa utomvu mzito unaonata na kuziba kidonda. Si ule wa sukari unaopanda na kushuka ndani ya shina. Ni ulimbo, wenye mafuta yanayonukia na yanayokimbia hewani polepole. Mdudu akitua juu yake hanasuki, na tone jingine likimfunika hafikiwi tena na hewa wala vijidudu vinavyoozesha. Baada ya hapo kinachohitajika ni bahati. Ulimbo uanguke, usombwe na maji, uzikwe kwenye matope yasiyo na hewa nyingi, na ukae humo mamilioni ya miaka huku molekuli zake zikishikamana hata uwe mgumu usioyeyuka kwa urahisi. Ukichimbuliwa mapema, kabla kazi hiyo haijakamilika, ni kopali, ambayo watu wa pwani yetu wameijua siku zote kwa jina la sandarusi. Ukichimbuliwa baada ya kukamilika, ndiyo kaharabu.

Kaharabu ya Baltiki, ile inayouzwa Poland na Lithuania, ina miaka takriban milioni 40. Ya Myanmar ina karibu milioni 99, ikatoka misitu ya wakati wa dinosaria. Ya Lebanoni ni kongwe zaidi, imepita milioni 120. Ya Jamhuri ya Dominika ni changa, kati ya milioni 15 na 20, na ndiyo inayotuhusu zaidi, kwani mti ulioitoa, *Hymenaea protera*, haufanani sana na jamaa zake walio hai Amerika. Ndugu yake wa karibu ni *Hymenaea verrucosa*, msandarusi wetu, unaoota Kwale, Zanzibar, mwambao wa Tanzania, Msumbiji na Madagaska.

Barani kwetu kaharabu iliyovuma zaidi ni ya Uhabeshi, inayopatikana kwenye nyanda za juu kaskazini-magharibi. Mwaka 2010 kundi la wanasayansi lilitangaza kwamba ina miaka ipatayo milioni 95, na kati ya wadudu wake akatajwa chungu mmoja aliyedhaniwa kuwa wa kale kupindukia katika Afrika. Ilikuwa habari kubwa. Baadaye mashapo yake yakapimwa upya na wadudu wakachunguzwa zaidi, na umri ukateremka hadi enzi ya Miosini, kati ya milioni 16 na 23 hivi. Chungu yule akapoteza cheo chake. Wapo walioliona hilo kama aibu. Mimi naona ndipo kaharabu ile ilipoanza kuwa na faida kwetu, maana kwa umri huo mpya imekuwa rika la mlima Elgon. Msitu uliotoa machozi yake Uhabeshi na msitu uliofunikwa na majivu magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda ilikuwa ikisimama katika enzi moja.

Basi kwa nini Elgon yenyewe isiwe na kaharabu? Sababu ya kwanza ni miti. Leo mlimani kuna podo, mtarakwa na ule mzeituni mkubwa wa msituni ambao mafundi huuita Elgon tiki. Mtarakwa hutoa ulimbo kidogo, lakini hakuna kati ya hiyo unaomwaga ulimbo kwa ndoo kama msandarusi, na msandarusi ni mti wa joto la pwani. Sababu ya pili ni ardhi. Udongo mwekundu wa Sirisia umejaa hewa, unalowa na kukauka kila mwaka, na ulimbo uliolala humo ungepasukapasuka na kusagika kabla haujawa chochote. Na pale lava ilipopita, joto lake lilizidi nyuzi 900, hali kaharabu huanza kulainika kabla hata ya nyuzi 200. Upande wa kusini wa kaunti, mbali na mlima, mambo ni mabaya zaidi kwa mtafutaji: miamba ya graniti ya huko ina zaidi ya miaka bilioni mbili, na wadudu wa kwanza duniani walitokea takriban miaka milioni 400 tu iliyopita. Ukipasua jiwe la aina hiyo ukitafuta nzige, utachoka bure.

Majivu ni habari nyingine.

Ng'ambo ya Ghuba ya Winam kuna visiwa vya Rusinga na Mfangano. Wengi huenda Rusinga kuzuru kaburi la Tom Mboya, na wanaojua mambo ya kale hukumbuka fuvu la nyani wa kale, Proconsul, ambalo Mary Leakey alilipata huko mwaka 1948. Wachache huambiwa habari ya wadudu. Miaka takriban milioni 18 iliyopita volkeno ya Kisingiri, ambayo leo ni mabaki tu ya milima upande wa Gwassi, ilikuwa ikirusha majivu ya aina isiyo ya kawaida, yenye chokaa nyingi. Mvua iliponyesha juu yake, chokaa ikayeyuka, ikapenya kila kitu kilichofunikwa na kuganda upesi kuliko kasi ya kuoza. Matokeo yake ni kwamba Rusinga imehifadhi mbegu, matunda, viwavi, mende na wadudu wengine wakiwa na unene wao, si wamebanwa bapa kama ua lililosahaulika kitabuni. Louis Leakey alipoandika juu yao katika jarida la Nature mwaka 1952, jambo lililoshangaza lilikuwa ni kuona wanyama laini namna hiyo, wasio na mfupa hata mmoja, wakidumu katika jiwe. Kiwavi ni mfuko wa maji wenye miguu. Kwa kawaida kikifa jioni, asubuhi hakuna kitu.

Kisiwani Mfangano kulipatikana kitu cha ajabu zaidi, na hapa nitakawia kidogo. Ni kipande cha ukoo mzima wa chungu wa aina ya maji moto. Wapwani wanawajua vizuri: wekundu, wakali, wanaoshona majani ya mnazi, mwembe au mkorosho kwa nyuzi za hariri zinazotoka kwa mabuu wao wenyewe. Mfanyakazi hulishika buu kwa taya, akalipeleka huku na huku baina ya kingo mbili za majani hadi zishikane. Zanzibar na Tanzania Bara wataalamu wa kilimo wamewatumia chungu hawa kulinda minazi na mikorosho dhidi ya wadudu wanaofyonza matunda machanga. Sasa, katika jiwe la Mfangano kulikuwa na mamia ya mabaki yao pamoja: mabuu, pupa, wafanyakazi wakubwa na wafanyakazi wadogo. E. O. Wilson wa Harvard na mwenzake R. W. Taylor waliwachunguza na mwaka 1964 wakawapa jina *Oecophylla leakeyi*. Walipolinganisha ukubwa wa wafanyakazi, walikuta mgawanyo uleule wa tabaka mbili unaoonekana kwa maji moto wa leo. Yaani desturi ya wakubwa kulinda na kuwinda na wadogo kulea haijabadilika sana tangu Kisingiri ilipokuwa inawaka.

Hapo ndipo majivu yanapoizidi kaharabu. Baltiki nako kuna chungu wa jamaa hiyohiyo, tena wamehifadhika vizuri hata vinyweleo vinahesabika. Lakini ndani ya tone la kaharabu utampata mmoja, wawili, labda watano walionaswa wakipita. Nyumba nzima, na watoto wake, haiingii kwenye tone. Kaharabu hukupa mwili wa mdudu kwa ukamilifu usio na mfano, ila jamii ya wadudu, wanavyoishi na kugawana kazi, mara nyingi ni lazima uitafute kwenye majivu na udongo.

Mfano wa pili unatoka Tanzania, na mtu wa Sirisia ataupenda. Katika bonde la Rukwa watafiti walikuta vichuguu vya mchwa vya miaka takriban milioni 25, na ndani yake bustani za kuvu zilizogeuka jiwe. Walitoa taarifa yao mwaka 2016. Mchwa wenyewe hawamo, hata bawa moja. Kilichobaki ni shamba lao: yale madonge ya majani yaliyotafunwa ambayo mchwa huyapanga ili kuvu iote, kisha wakala kuvu. Mchwa wakubwa wanaotupatia kumbikumbi ni wa ukoo huohuo wa wakulima, na uyoga unaochumwa kwenye kichuguu baada ya mvua ni tunda la kilimo hicho. Kwa hiyo kilimo Afrika Mashariki kina angalau miaka milioni 25, nacho hakikuanzishwa na binadamu. Na ushahidi wake haukutunzwa na kito chochote kinachong'aa, bali na mchanga wa bonde la ufa. Kule Laetoli, ambako nyayo maarufu za binadamu wa kale ziligunduliwa mwaka 1978, majivu yaleyale yana viota vya nyuki wa ardhini na mapito ya mchwa wa miaka zaidi ya milioni tatu na nusu.

Turudi Elgon. Mlima huu ni wa jamii moja na Kisingiri kwa aina ya lava na majivu yake, na ulianza kulipuka takriban miaka milioni 20 iliyopita. Kwamba majivu yake yalifunika misitu si dhana. Ukiingia pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia, mle ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, utaona magogo yaliyogeuka jiwe yakitokeza ukutani na darini. Mapango hayo yamechimbika ndani ya majivu na vifusi vya volkeno, na Wasabaoti waliishi na kufuga katika mapango ya mlima huu kwa vizazi. Joseph Thomson aliwakuta watu mapangoni mwaka 1883. Ng'ambo ya mpaka, kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki mwa mlima, kuna Bukwa, ambapo mashapo yaliyolaliwa na lava yana mifupa ya wanyama na mabaki ya mimea ya miaka takriban milioni 19.

Magogo yapo, majani yapo, mifupa ipo. Kinachobaki ni wadudu, na sioni sababu ya kuamini kwamba hawamo. Mifupa ndiyo iliyowavutia wachimbaji, kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtafuta babu wa binadamu, na fedha za utafiti zilifuata nyani. Gogo la jiwe lenye vijitundu vya mende wa mbao halimpi mtu umaarufu. Jani lenye ukingo ulioliwa na kiwavi halitangazwi kwenye taarifa ya habari. Lakini ushahidi wa aina hiyo ni wa wadudu kama ulivyo mwili wao, na hauhitaji ile chokaa ya ajabu ya Rusinga. Jani likichapika vizuri kwenye majivu laini, na meno ya kiwavi yatachapika. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu anayetoka Bungoma na anayetafuta swali lake mwenyewe la utafiti angefanya vyema kuanza hapo kuliko kuomba nauli ya kwenda kutazama kaharabu ya wengine.

Sasa sandarusi, maana haki yake haijatajwa. Biashara yake ni ya zamani sana. Unguja Ukuu, wachunguzi wamekuta sandarusi iliyotumika kama ubani katika karne ya 7 hadi ya 8. Vipande vilivyotoka pwani yetu vimetambuliwa pia huko Sharma, bandari ya kale ya Yemen iliyostawi karibu na mwaka 1000. Karne ya 19 mambo yakawa makubwa. Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanapakia sandarusi pamoja na pembe za ndovu. Ilikuwa inayeyushwa kutengeneza vanishi ya magari ya farasi, meza na piano. Mamia ya tani kwa mwaka yalitoka Zanzibar, yakichimbwa na Wazaramo na wenzao kwenye mchanga mwekundu wa nyuma ya pwani kwa vijembe na mashimo mafupi. Dalali alijua mali kwa kutazama ganda: sandarusi halisi ya ardhini, ikishasafishwa, huwa na vipele vidogo juu yake kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ile changa, iliyokwanguliwa mtini au kuokotwa chini ya mti, iliitwa chakazi na bei yake ilikuwa ya chini.

Wazungu walibishana ikiwa ulimbo wa ardhini ulitoka kwenye mti uliokwisha toweka. Dkt. John Kirk, tabibu na mjuzi wa mimea aliyekuwa kwenye ubalozi wa Uingereza Zanzibar, alitumia majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande vyenyewe kuonyesha kwamba ni msandarusi uleule ulio hai. Fikiria basi ni nyuki, nzi, buibui na mende wangapi waliyeyushwa katika masufuria ya vanishi. Baadhi waliokolewa na wakusanyaji, wakaishia makumbusho ya Ulaya, ambako waliandikwa majina ya Kilatini na kubandikwa neno Zanzibar bila kutajwa kijiji, shimo wala kina. Sampuli isiyo na mahali pake ni nusu ya sampuli.

Na umri je? Wauzaji hupenda kusema mamilioni. Vipimo vya kaboni 14 kwenye kopali ya Madagaska, itokayo kwenye mti huohuo, vimeonyesha kwamba nyingi ina miaka mamia tu, na nyingine ni ya juzi kabisa. Mwaka 2020 Mónica Solórzano-Kraemer wa Frankfurt, Xavier Delclòs wa Barcelona na wenzao walipendekeza ulimbo uliotoka baada ya mwaka 1760 usiitwe tena kopali, upewe jina lake linaloashiria zama za kutoweka kwa viumbe. Tangu hapo viwanda na mashamba makubwa vimebadilisha misitu, kwa hiyo ulimbo huo umewanasa wadudu katika miaka hiyohiyo ya mabadiliko. Hapo sandarusi inapata kazi mpya. Haiwezi kutusimulia Miosini. Inaweza kutuambia ni nyuki gani waliokuwepo Kwale au Rufiji kabla ya mkonge, korosho na mkaa.

Ila isomwe kwa tahadhari. Mwaka 2018 kundi hilohilo la Solórzano-Kraemer lilitoa matokeo ya jaribio la Madagaska: walitega mitego ya kunata kwenye mashina ya misandarusi, wakalinganisha na walionaswa na ulimbo wenyewe. Ulimbo ulifanana na mitego ya shinani. Huwapata wanaoishi au kupita kwenye gome: usubi, chungu, mende wa gome, nyuki wadogo wasiouma ambao huja kuchota ulimbo kwa ajili ya kujengea viota. Panzi wa nyasini, kerengende mkubwa mwenye nguvu za kujinasua, buu la ardhini, hao ni nadra. Anayesema kaharabu ni picha ya msitu mzima anauza picha ya shina la mti.

Kuhusu kufufua viumbe kwa vinasaba vilivyomo ndani ya kaharabu, filamu ya dinosaria ya 1993 iliharibu mazungumzo. Mwaka huohuo walikuwepo wanasayansi waliodai wamepata DNA ya mdudu katika kaharabu ya Lebanoni, lakini wenzao wa Makumbusho ya Historia ya Asili, London, waliporudia majaribio ya namna hiyo kufikia mwaka 1997 hawakupata kitu. Mwaka 2013 kundi la Manchester lilijaribu kwa nyuki wasiouma waliomo katika kopali ya Kolombia, kimoja cha vipande kikiwa na miaka 10,600 na kingine kisichofika hata 100. Hakuna DNA ya kuaminika iliyopatikana katika chochote. Kama nyuki wa juzi amegoma, mbu wa dinosaria tumwache apumzike.

Anayetaka kununua shanga za kaharabu Mombasa, Nairobi au Dubai akumbuke mambo machache. Tia tone la dawa ya kuondolea rangi ya kucha: sandarusi changa itanata kidoleni, kaharabu haitajali. Plastiki nyingi huzama katika maji yaliyotiwa chumvi nyingi, na ulimbo wa kweli huelea. Mdudu mkubwa, mzima, aliyekaa katikati kana kwamba anapigwa picha, mara nyingi aliwekwa na mtu. Na ukiambiwa ni ya Myanmar, fahamu kwamba biashara ya kaharabu ya jimbo lake la Kachin imehusishwa na vita vya huko, kiasi kwamba mwaka 2020 Chama cha Paleontolojia ya Wanyama wenye Uti wa Mgongo kiliyaomba majarida ya sayansi yasitishe kuchapisha tafiti za kaharabu mpya kutoka nchi hiyo. Uzuri wa kito hauoshi njia kiliyopitia.

Iko hazina ya tatu, nayo iko karibu na Sirisia kuliko zote. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyeishi Kitale, alianza kukusanya wadudu na wanyama wengine mwaka 1894 na hakuacha mpaka alipofariki mwaka 1966. Makavazi yake binafsi yaliasisiwa mwaka 1926, na kutokana na urithi aliouacha kwa taifa, makavazi mapya yalifunguliwa mjini Kitale mwaka 1974, ya kwanza kuendelezwa nje ya Nairobi na pwani. Vipepeo na nondo wake wa sindano huonekana na wageni wengi kama mapambo ya wakoloni. Mimi nawaona kama kiungo. Hakuna awezaye kumtaja kwa jina nyuki wa sandarusi, wala kiwavi wa jiwe, bila kumlinganisha na mdudu anayejulikana, mwenye mahali na tarehe. Mtu aliyekusanya kabla mahindi hayajafunika Trans Nzoia ametuachia msingi wa kupimia tulichopoteza. Tuna pia Makavazi ya Taifa jijini Nairobi, na icipe, kituo cha sayansi ya wadudu alichokiasisi Thomas Odhiambo mwaka 1970. Wataalamu hawakosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaletea jiwe la Elgon mezani.

Mtu huyo huenda asiwe profesa. Katika miteremko ya Namwela na Lwandanyi watu huchimba visima, vyoo, misingi ya nyumba na maramu ya barabara kila siku, na ndio wanaoziona tabaka za ardhi kabla ya mtaalamu yeyote. Ukikuta tabaka laini la kijivu linalopasuka kwa bapa na kuonyesha alama za majani, au gogo zito lililogeuka jiwe lenye vijitundu, au madonge magumu yanayofanana na ndani ya kichuguu lakini yamo chini ya mwamba, usiyavunje, usiyaoshe, usiyauze. Kwa Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, vitu vya namna hiyo ni mali ya taifa, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa. Piga picha pamoja na jembe ili ukubwa uonekane, andika kina cha shimo na jina la mahali, funika tena kwa udongo uleule, kisha ulipeleke neno Kitale.